Ushuru wa 7.5% kwenye kodi ya nyumba: sisi wa nyumba bila ardhi tunahesabiwaje?

Mwenye nyumba, Majengo
Assalaam aleikum jamaa. Nauliza kwa nia njema, msinirukie.

Nyumba yangu hapa Mombasa ni ya Kiswahili, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule. Kila chumba 5,000, jumla 30,000 kwa mwezi wakilipa wote. Kiwanja si changu. Kila tarehe mosi wakala wa mwenye ardhi huja na kitabu chake cha risiti, ananitoa 3,000. Hapo sijagusa mabati. Mwaka jana fundi alipopanda juu, misumari ilikuwa imeliwa na chumvi mpaka akaing'oa kwa vidole.

Sheria ya Kenya yasema mwenye kupata kodi ya makazi zaidi ya 288,000 hadi milioni 15 kwa mwaka alipe 7.5% ya kodi yote aliyopokea, si zaidi ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Yote, bila kutoa gharama. Kwangu ni 2,250. Kwa hiyo zile 3,000 ambazo hazilali kwangu hata usiku mmoja nazo nazilipia ushuru. Haki hiyo? Mimi nasema kodi ya kiwanja itolewe kwanza, ndipo tuhesabiane.

Mpangaji, Kisauni
Mzee wangu, kabla ya 2024 ushuru huo ulikuwa 10%. Uliposhushwa, kodi yangu haikushuka hata shilingi. Ungepanda ningeletewa habari siku hiyo hiyo mlangoni. Mnateta nyinyi, tunalipa sisi.

Mfanyakazi wa bandarini
Mshahara wangu hukatwa kabla sijauona, na sehemu kubwa iko kwenye daraja la ushuru la 30%. Nauli ya matatu ya kwenda kazini haitolewi kwanza. Wewe 7.5% unalia? Tubadilishane.

Nyumba za kupanga, Bamburi
Wote mmesahau kitu kimoja. Huo ushuru wa jumla si lazima. Unaweza kumwandikia Kamishna wa ushuru kwamba hutaki utaratibu huo, ukatozwa kwa mwaka kwenye faida, gharama zikishatolewa. Mimi nilitoka, maana nilijenga kwa mkopo wa benki na riba inakula karibu nusu ya kodi. Riba ya mkopo wa kujengea nyumba ya kupangisha inatolewa kama gharama.

Sasa tazama hesabu yako, Mzee. Toa 3,000 za kiwanja, toa tuseme 5,000 za matengenezo, unabaki na 22,000. Daraja la kwanza ni 10% mpaka 24,000 kwa mwezi, kwa hiyo 2,200. Nafuu ya mtu binafsi, yaani kiasi anachopunguziwa kila mtu kwenye ushuru wenyewe, ni 2,400 kwa mwezi. Kama huna pato jingine, hulipi kitu! Ndugu yetu wa bandarini akiwa na nyumba kama yako hesabu ingemgeukia, kwa sababu nafuu yake imeshatumika kwenye mshahara na faida ya nyumba ingeangukia kwenye 30%. Yeye abaki na 7.5% yake.

Mfanyakazi wa bandarini
Nyumba yenyewe sina, lakini ahsante.

Mwenye nyumba, Majengo
Bwana wa Bamburi, hesabu yako tamu, ila wewe una hati ya ardhi. Mimi benki nilikwenda, wakaniuliza hati kabla hata ya jina la baba. Nyumba bila ardhi hawaishiki rehani. Paa nilitengeneza kwa pesa za chama.

Halafu hizo gharama. Tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS, ule mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya ushuru, haitolewi. Fundi wangu wa mabati huandika bei kwenye kipande cha pakiti ya saruji. Nimwambie nini?

Nyumba za kupanga, Bamburi
Hapo umenishika. Mabati na misumari nunua duka linalotoa ankara, usinunue kwa mtu wa mkokoteni. Kazi ya fundi, pole, huenda ukaipoteza. Lakini kubwa kwako ni kiwanja, 36,000 kwa mwaka. Hizo je, unapewa ankara?

Mwenye nyumba, Majengo
Ninazo risiti za miaka kumi na moja, zina muhuri na saini, nimezifunga kwa mpira. Ya eTIMS hata moja. Tarehe mosi wakala akija nitamuuliza, nione uso wake.