Sauti ya roboti kwenye kompyuta: tuiweke sasa au tungoje?

Mleta mada (Mwananyamala): Wakuu, jirani yangu haoni. Kwenye kompyuta yake kuukuu ya mezani kaweka NVDA, programu ya bure iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na kijana ambaye naye haoni. Inamsomea kila kilichoandikwa kwenye skrini, Kiswahili kikiwemo. Sauti ni ya eSpeak NG, programu ya kugeuza maandishi kuwa sauti, inakwaruza kama redio ambayo betri zinakata roho. Wapo wanaosema sauti hiyo isiingie kwenye kompyuta za shule na maktaba, inaaibisha lugha, tungoje inayofanana na ya mtu. Napinga. eSpeak chimbuko lake ni kompyuta za Acorn za Uingereza, mwaka 1995, na leo inasema lugha zaidi ya 100 kwa sababu haitegemei mtu arekodiwe kwa kila lugha: sauti karibu yote inatungwa kwa hesabu, wewe unaipa kanuni za matamshi. Kiswahili kinaandikwa kinavyotamkwa, mkazo silabi ya pili kutoka mwisho. Megabaiti chache tu, na bando haligusi.

Mchangiaji wa Sinza: Kanuni, eh? Haya, iambie isome "kazi imefanyika barabara". Itaweka mkazo wa Barabara ya Morogoro, kazi igeuke lami! Na saa je? Imeandikwa 8:30 asubuhi, ikisema "saa nane na nusu" mgonjwa kakosa miadi, maana kwetu hiyo ni saa mbili na nusu. Microsoft wana sauti za Rehema na Daudi, zinasema Kiswahili cha Tanzania kama watu, sikio linapumzika.

Mleta mada: Saa si kosa la sauti, ni la kanuni ya kusoma tarakimu. Sauti tamu ikikosea itakosea kwa utamu. "Barabara" nakubali, ila hata Rehema sharti akisie kutokana na sentensi. Halafu Rehema na Daudi hao wanakaa kwenye intaneti. Bando likiisha, kimya.

Mchangiaji wa Mbagala: Mimi ni mmoja wa hao mnaowajadili, sioni tangu darasa la nne. Hiyo sauti mnayoicheka naikimbiza kasi ambayo ninyi hamtashika hata neno, na kila silabi naisikia. Sauti za kibinadamu nikizikimbiza hivyo zinameza maneno. Hadithi, sawa, nisomee Rehema. Barua za kazi niachieni roboti wangu. Shida yangu ni barua pepe zenu za Kiswahili nusu Kiingereza nusu: sauti ya Kiswahili inayasoma yale ya Kiingereza kwa matamshi ya kwetu hadi nabaki nacheka peke yangu ofisini.

Na lingine. Matangazo mnayapiga picha mnayarusha kwenye magrupu. Picha haina herufi za kusomwa. Wiki iliyopita nafasi ya kazi ilinipita hivyo hivyo, nimekaa mbele ya kompyuta inayosema lugha 100 na inaniambia "picha" tu.

Mchangiaji wa Sinza: Hapo kwenye picha umenigusa, kaka. Mimi mwenyewe nimerusha mbili leo asubuhi. Ngoja niyaandike upya.