Amefutia kiatu karatasi yangu ya ubwege mbele ya kikao kizima!

Wanajukwaa, naandika mikono ikiwa bado inatetemeka. Mnamjua yule bwana. Hapa Mbeya hakuna asiyemjua, maana kikohozi chake humtangulia mlangoni. Leo jioni, katika kikao chetu cha wasomaji pale Mwanjelwa, nilikuja na karatasi niliyoikeshea siku tatu nikiiandika kwa mkono, nikieleza kwamba Albert Camus, mwandishi wa Kifaransa, katika insha yake ya 1942 kuhusu Sisifu, yule wa ngano za Kigiriki aliyehukumiwa kusukuma jiwe hadi kileleni milele, kila mara likiporomoka, hakusema kuwa maisha ni upuuzi mtupu, bali alisema kuwa binadamu anaidai dunia maana, dunia nayo imenyamaza, na ubwege, yaani ile hali ya kutafuta maana isiyopatikana (kwa Kiingereza "the absurd"), huzaliwa hapo katikati. Kabla sijamaliza aya ya kwanza, aliipokonya, akainama, akaitemea mate, akafutia tope la kiatu chake, akasema, "Ya ubwege kaandika bwege."

Walicheka hadi nadhani Uyole walisikia.

Neno hilo la "ubwege" ni la wahakiki wetu wenyewe wa fasihi, na tamthilia ya ubwege si tamthilia ya wajinga. Katika tamthilia ya Samuel Beckett iliyoonyeshwa Paris mara ya kwanza mwaka 1953, watu wawili wanamsubiri Godot sehemu mbili nzima, wala hatokei. Aliyewahi kukaa stendi ya Nane Nane tangu alfajiri akiambiwa basi linaingia sasa hivi, hilo anahitaji kufafanuliwa? Lakini kiatu, jamani! Nililiona jina la Sisifu likizama kwenye tope, kisha akageuza upande wa pili ili afute kisigino!

Jirani wa Loleza: Pole, ndugu yangu. Ila siku tatu kwa karatasi moja? Sisifu mwenyewe angekuwa ameshafika kileleni.

Binti Rungwe: Tatizo ni neno lenyewe. Mimi nasema "ubwege" libadilishwe, kwa sababu darasani wanafunzi huanza kuitana mabwege hata kabla sijafungua kitabu.

Mnyalukolo wa Kihesa: Kamwene. Wewe umepoteza karatasi; mimi huyo huyo anayo *Kichwamaji* yangu, riwaya ya Kezilahabi, toleo la 1974, tangu mwaka juzi, na kila nikimdai anakohoa.

Jirani wa Loleza: *Kichwamaji* afadhali, hupatikana. *Nagona* yangu, riwaya yake nyingine, ilirudi bila jalada.

Binti Rungwe: Basi aliyeazima *Mzingile* yangu, nayo ya Kezilahabi, pale Makambako aseme leo hii. Jina langu liko ukurasa wa kwanza, kwa wino wa kijani.