Tupeane uzoefu: wazee wetu waliopigana Kagera, wakakimbia mbio za jeshi, wakatulea

MtotoWaKota
Wadau habari. Jana tulikuwa tunapanga nguo za marehemu mzee ili tugawe, nikakuta kwenye mfuko wa koti namba ya kifuani ya mbio, imekunjwa pamoja na karatasi ya dawa za presha. Nikakaa chini. Mzee aliingia jeshini kabla ya vita, mwaka 78 akaenda vita vya Kagera dhidi ya Idi Amin wa Uganda, akarudi na kipande cha chuma begani na bado akaendelea kukimbia mita 5000 kwenye mashindano ya majeshi. Sisi tumekulia kota, saa kumi na moja alfajiri wote nje mchakamchaka, mama naye yumo na kitenge chake. Na jioni afande huyohuyo ndo anawasuka dada zangu nywele huku anasikiliza mpira redioni, majirani wakicheka wala hajali. Wenye wazee wa namna hii mwageni hapa, walikuwaje NYUMBANI.

Kyaka78
Umenigusa mkuu. Wangu vita haongei kabisa, ukimuuliza anakujibu "tulikwenda, tukarudi". Ila tukipita daraja la Kyaka, lile majeshi ya Amin walilivunja Novemba 1978, anavua kofia mpaka tufike ng'ambo.

MamaJunior
Kama baba yangu kabisa.

Mzunguko_wa_Tatu
Mzee wangu na wenzie walikuwa na kichaa cha Bayi. Filbert Bayi alikuwa askari kama wao, Februari 1974 kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch, New Zealand, mita 1500 akatoka mbele toka mlio wa bastola hadi mwisho, 3:32.2, rekodi ya dunia. Basi kila askari akataka kukimbia hivyo, mzunguko wa tatu pumzi kwisha. Mzee alitufundisha sisi watoto kinyume chake, anza taratibu, mbio zisomee kwanza, na hata nilipotaka kuoa aliniambia maneno hayohayo.

Wa_Eldoret
Msisahau Ben Jipcho wetu wa Kenya alikuwa kwenye hiyo 1500, wa tatu, na michezo hiyohiyo akabeba dhahabu mbili, mita 5000 na ile ya viunzi na maji.

Mzunguko_wa_Tatu
Dhahabu zake hatuzikatai ndugu yangu, ila rekodi ilibaki kwa nani?

Wa_Eldoret
Na Olimpiki ya Moscow 1980 je? Fedha ni fedha tu.

Mzunguko_wa_Tatu
Nyie Wakenya Moscow hamkwenda, mligoma! Fedha ya Bayi na ya Nyambui ndo medali zetu za Olimpiki, heshima tafadhali.

MtotoWaKota
Ndugu zangu uzi ni wa wazee wetu, naomba.

BintiMizinga
Ngoja niandike yote maana sijawahi kumwambia mtu. Baba alikuwa wa mizinga, sikio la kushoto lilikuwa halisikii, ukitaka kumwambia kitu unahamia kulia. Jeshini alikimbia marathoni, hakushinda hata moja ila hakuwahi kuacha njiani, na Akhwari, mkimbiaji wetu wa marathoni Olimpiki ya Mexico 1968, alikuwa anamtaja kwa heshima kama shehe wake, yule aliyeanguka akaumia goti akamaliza wa mwisho giza limeshaingia. Alipostaafu tukahamia Morogoro, ugonjwa wa kusahau ukaanza, kwanza majina ya wajukuu, baadaye mimi akawa ananiita jina la mama. Sasa usiku mmoja wa mvua naamka saa tisa naona mlango wa nyuma uko wazi, kitanda kimetandikwa kijeshi shuka limenyooka, raba hazipo. Jamani. Tuliamsha mtaa mzima, vijana wa bodaboda wakajigawa barabara ya Dodoma na barabara ya Dar, picha yake ikatumwa kwenye magrupu ya madereva, wengine wanamulika mitaro kwa tochi za simu na mimi kila nikiona nguo imenasa kwenye maji roho inaruka. Mama amekaa kwenye ngazi hasemi neno. Kumekucha ndo dereva wa lori anapiga yuko karibu na Mikese, kuna mzee kavaa bukta na fulana ya jeshi amelowa chapachapa, anakimbia pembeni ya lami, anakataa kupanda anasema atachelewa paredi. Yule dereva Mungu ambariki, akamwambia "afande, mimi ndo gari la kikosi, nimetumwa nikuchukue", akapanda. Tulipofika nyayo zimepasuka, raba zimejaa damu, mimi nalia, yeye ananitazama ananiuliza "watoto wamekula?" Hapo ndo nilivunjika. Mimi hanijui ni nani, ila anajua kuna watoto na lazima wale. Alifariki mwaka uliofuata, nyumbani, mama kamshika mkono.

MamaJunior
Nalia kazini huku.

Kyaka78
Huyo dereva alistahili nishani.

Fundi_Geti
Dada pole sana. Wenye wazee wa hivi fungeni geti kwa kufuli, ufunguo ulale na wewe.

Wa_Eldoret
Pole dada yangu. Kufuli mimi nakataa, askari ukimfungia atadhani yuko mahabusu. Mshonee namba ya simu kwenye ukosi, na asubuhi toka ukimbie naye, akichoka atalala.

Fundi_Geti
Mzee wa miaka themanini umkimbize? Mtamuua.

Wa_Eldoret
Basi mtembeze. Mtu amekimbia maisha yake yote huwezi kumkalisha kwenye kiti.

Mzunguko_wa_Tatu
Hapo nakuunga mkono ndugu yangu. Na walio na wazee hai, tafuteni mapema namba yake ya jeshi na karatasi zake mziweke pamoja, sisi wakati wa msiba ofisi moja ilituzungusha mpaka aibu, maiti iko ndani.

Kyaka78
Mrekodini sauti pia.

MamaJunior
Wengine hawataki kuulizwa, waacheni. Wangu nilimuuliza vita akanyamaza wiki.

Kyaka78
Muulize mbio basi, vita vitakuja vyenyewe.

Mhaya_wa_Muleba
Nimechelewa, nimesoma yote. Mimi kesho napita Kaboya pale makaburi ya mashujaa wa vita vya Kagera. Mwenye ndugu aliyelala pale anitumie jina na cheo inbox, nitamtafuta nimsafishie na kupiga picha.

MtotoWaKota
Baba mdogo yuko pale, aliyemfundisha mzee kukimbia. Natuma sasa hivi.