Nimerusha alama za darasa zima kwenye kundi la wazazi, mmoja kajitoa

ChakiNyeupe: Walimu wenzangu, nishaurini, wala msinionee haya. Ijumaa saa nne usiku, macho mazito kwa kusahihisha, nilipiga picha orodha ya alama za hesabu nikairusha kwenye kundi la wazazi. Majina yote, wa kwanza hadi wa 43. Naamka nakuta pongezi kibao, na mzazi mmoja kaandika, "Kumbe wa mwisho ndiye yule mwenye kelele," akacheka. Mama wa huyo wa mwisho akajitoa bila neno. Jumatatu mtoto kaja, daftari la hesabu eti kalisahau. Yule hasahau daftari. Picha nimeifuta, ila nani hajaiona? Nimpigie mama, au nimwache apoe?

MkuuMstaafu: Mpigie leo, mwanangu. Sema "nimekosea", kisha unyamaze usikilize. Ukianza na "nia yangu ilikuwa njema", umeshamgeuzia kibao. Akija, usijifiche nyuma ya meza. Viti viwili upande mmoja, daftari katikati, muanzie ukurasa aliofanya vizuri. Na mkuu wako alisikie kwako kabla ya kulisikia kwa wengine.

MamaWawili: Mimi si mwalimu, ila nimewahi kuwa mama wa huyo wa mwisho. Alama nilikuwa nazijua. Kilichoniuma ni jirani kuzijua kabla yangu. Halafu mtoto mwenyewe naye umwombe radhi, maana mnamsahau.

Kidawati: Aliyecheka naye aambiwe, tena faraghani, msirudie kosa lilelile. Na mama akilalamika usitetemeke. Pendekezo la ILO (Shirika la Kazi Duniani) na UNESCO la 1966 kuhusu hadhi ya walimu linasema mzazi apewe kwanza nafasi ya kuzungumza na mkuu wa shule na mwalimu mhusika. Lalamiko likipanda ngazi za juu, liwe la maandishi na mwalimu apewe nakala. Ni haki yake, na wewe limekulinda.

ChakiNyeupe: Nimempigia. Alikaa kimya hadi nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, "Mwalimu, daftari lake unalo wewe? Huku nyumbani halipo." Nimerudi darasani nikalikuta nyuma ya kabati, limesukumwa hadi ukutani. Mama anakuja kesho asubuhi. Viti nimeshavihamisha.