Kuhama kutoka Fitbit Charge 6 kwenda Garmin Forerunner 55: naomba ushauri wa waliovaa zote mbili

Mkimbiaji wa Mwanga (Kigoma)

Ndugu zangu, habari za kazi. Nimevaa saa ya mazoezi ya Fitbit Charge 6 tangu mwanzoni mwa 2024, baada ya daktari kunipima shinikizo la damu na kuniambia kwamba nisipoushughulisha mwili nitaanza kumeza vidonge kabla ya kufikisha miaka hamsini. Nilianza kwa kutembea, kisha kukimbia, na sasa asubuhi tatu kwa wiki natoka Mwanga hadi Ujiji na kurudi. Mapigo yangu ya moyo wakati wa mapumziko yalikuwa 78 kwa dakika nilipoanza. Wiki hii ni 64. Namba hizo mbili, pamoja na zote zilizo katikati yake, ninazihofia kupotea kuliko ninavyoihofia saa yenyewe.

Kinachonisukuma kuhama ni kazi yangu, ambayo hunipeleka vijijini Uvinza na Kakonko kwa siku kumi au zaidi, na baadhi ya nyumba ninazofikia zina sola ndogo inayotosha taa na simu tu. Charge 6 imeandikiwa hadi siku saba kwa chaji moja, na takriban saa tano ikiwa GPS imewashwa mfululizo. Forerunner 55 imeandikiwa hadi wiki mbili, na saa 20 za GPS. Je, tofauti hiyo mnaiona katika matumizi ya kila siku? Na kumbukumbu zangu, zitahama nami?

Mama wa Cheyo (Tabora)

Kaka, hongera kwa hiyo 64, maana najua jasho lililoileta. Mimi nilihama kwa njia hiyo hiyo mwaka jana. Kuhusu chaji, nikikimbia saa tatu kwa wiki na GPS ikiwa imewashwa, Forerunner naichaji kila baada ya siku tisa au kumi, kwa hiyo safari yako ya siku kumi itakuwa kwenye ukingo. Ichaji ijae asubuhi ya kuondoka, usiichaji usiku wa jana yake ukaisahau. Kioo chake hakina mng'ao wa Charge 6, lakini kinawaka muda wote bila kumaliza betri, na saa saba mchana kwenye jua la Tabora nakisoma bila kukiwekea kivuli cha kiganja. Haiguswi kioo, ina vitufe vitano pembeni, jambo ambalo wakati wa mvua nimelishukuru mara nyingi.

Kumbukumbu ndipo penye kazi. Usitarajie kila kitu kihame. Kupitia Google Takeout utapakua taarifa zako zote za Fitbit, lakini zitakuja kama rundo la mafaili ambayo kwa jicho la kawaida hayasomeki. Nilipohama, kilichonifaa katika programu ya Garmin kilikuwa hatua na uzito. Mapigo ya mapumziko hayakuingia. Nilichofanya ni kuchukua daftari la hesabu, nikachora safu, nikaandika wastani wa mapigo wa kila mwezi kwa kalamu. Ilinichukua jioni mbili, na daftari hilo ndilo ninalokwenda nalo kliniki.

Mstaafu wa Katubuka (Kigoma)

Mwanangu, kwa nini usijaribu Xiaomi Smart Band 8? Imeandikiwa hadi siku 16 za chaji, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya hizo mbili. Mimi natembea nayo kila alfajiri na inanitosha kabisa.

Mkimbiaji wa Mwanga (Kigoma)

Shikamoo mzee. Nimeifikiria, na kama ningekuwa mtembeaji tu ningeichukua leo. Haina GPS yake yenyewe, hivyo ningelazimika kukimbia na simu mfukoni ili umbali upimwe vizuri, nami simu huiacha nyumbani ikichajiwa.

Muuguzi wa Kasulu

Naomba niongeze jambo ambalo limesahaulika. Kati ya saa zote tatu zilizotajwa, hakuna inayopima shinikizo la damu, kwa hiyo, ndugu mwenye mada, saa yoyote utakayovaa isikufanye uache kipimo cha mkononi kile cha kufungwa na kujazwa upepo.

Pili, hiyo 64 usiilinganishe moja kwa moja na namba ya saa mpya. Garmin hutafuta kipindi cha nusu saa chenye wastani mdogo kuliko vyote ndani ya saa 24. Fitbit hukadiria kwa kuunganisha taarifa za ukiwa macho na za usingizini. Moyo ni ule ule, ila kanuni ni mbili. Ukiona 60 siku ya kwanza usifurahi, na ukiona 68 usitaharuki. Vaa zote mbili kwa wiki mbili, moja kila mkono, na kila asubuhi andika namba zote mbili kwenye mstari mmoja. Ikiwa Garmin inatoa namba pungufu kwa tatu karibu kila siku, basi umepata daraja la kuvukia, na 78 yako ya zamani bado ina maana. Kumbuka pia kuiambia kila programu saa iko mkono gani, kwa sababu mkono unaofanya kazi nyingi huongeza hatua ambazo miguu haikupiga.

Kuhusu kuvaa: saa hizi hupima mapigo kwa mwanga wa kijani unaomulika damu chini ya ngozi. Mkanda ukilegea wakati wa kukimbia, mwanga wa nje huingia, na saa huweza kushika mdundo wa miguu ikadhani ni moyo. Mimi ilinitokea: saa niliyokuwa nayo wakati huo ilionyesha mapigo 168, na hatua zangu kwa dakika zilikuwa 168 pia. Nilisimama, nikaweka vidole shingoni, nikahesabu sekunde 30 na kuzidisha kwa mbili: 132. Tangu siku hiyo naisogeza saa upana wa kidole juu ya mfupa wa kifundo na kuikaza tundu moja kabla ya kukimbia. Ukihitaji uhakika zaidi, Forerunner 55 hupokea vipimo vya mkanda wa kifuani unaopima mapigo. Charge 6 haivipokei.

Dereva Baiskeli (Tabora)

Angalia unanunua wapi. Muuzaji mmoja wa mtandaoni aliniuzia saa yenye nembo sahihi na boksi zuri, lakini programu rasmi haikuitambua hata mara moja. Usilipe kabla ya kuiona imeungana na simu yako. Kebo nayo isikupite: ya Garmin ina pini nne za kuchomeka, ya Fitbit hushika kwa sumaku, na hakuna inayoweza kuazima ya mwenzake. Ikikupotea Kakonko, saa imelala.

Mkimbiaji wa Mwanga (Kigoma)

Nawashukuru sana. Nimeamua kuichukua Forerunner 55 mwezi ujao nikipita Tabora kwa treni, nami nitaikagua dukani kama ndugu wa baiskeli alivyosema. Jana usiku nimeanza daftari: safu ya miezi, safu ya Fitbit, na safu ya tatu iliyo tupu. Nilipofika kwenye mwezi ambao namba ilishuka chini ya 70 kwa mara ya kwanza, nilimwita mke wangu aje aione.

Mama wa Cheyo (Tabora)

Kaka, ukifika stesheni nijulishe. Nina kebo ya pili ya Garmin ambayo siitumii; nitakuletea.