Godot 4: mlinzi anachelewa ratiba, anaona kupitia ukuta, na umeme ukikatika uchunguzi wote unapotea

Birere_Pikseli

Jambo bandugu. Tunatengeneza mchezo wa kompyuta wa uchunguzi wa kujificha kwa Godot 4 (injini ya kutengenezea michezo), hadithi yake iko hapa Goma. Mwandishi wa habari anaingia katika jengo la wizara moja iliyobuniwa tu saa 10 kamili alasiri, na saa 11 anapaswa kukaa mbele ya mkurugenzi na kumuuliza maswali kuhusu shehena ya madini ya koltani. Dakika 60 za mchezo ni dakika 60 za kweli, kwa mtindo wa The Occupation ya White Paper Games (2019), ambayo mwandishi wake anachunguza saa ikimkimbilia huko Uingereza, Oktoba 1987.

Walinzi ni wanne, kila mmoja ana ratiba. Mwanzoni wanafuata vizuri, lakini ikifika dakika ya 40 saa ya ukutani imewatangulia karibu dakika nzima. Saa ya ukutani inasoma `Time.get_ticks_msec()`, walinzi wanatumia nodi (vipande vya kujengea mchezo) za `Timer`. Tena, mlinzi wa ghorofa ya chini anamwona mchezaji aliye nyuma ya ukuta wa biro (ofisi). Na umeme ukikatika kwenye dakika ya 50, kila kitu kinaanza upya. Tuanzie wapi?

Ndosho_Kodi

Yaya, kosa la saa umelitaja mwenyewe: una saa mbili. `get_ticks_msec()` inahesabu tangu injini iwashwe na haisimami kwa jambo lolote. `Timer` inasimama mara mti wa mchezo (nodi zote) unaposimamishwa. Mchezaji akifungua daftari la ushahidi na daftari hilo linaweka `get_tree().paused = true`, walinzi wanalala huku saa ya ukutani inaendelea. Sekunde 5 kila anapofungua, mara 10, tayari ni karibu dakika.

Kuna tundu la pili, dogo zaidi. Kwa kawaida Godot inaruhusu hatua 8 tu za fizikia katika fremu moja (picha moja ya skrini), na kwa hatua 60 kwa sekunde hiyo ni kama sekunde 0.13. Mlango ukipakia chumba kipya na mashine ikaganda sekunde 1, `delta` (muda tangu fremu iliyopita) utakayopewa haitakuwa 1. Itakatwa ifike karibu 0.13, na kilichobaki kinatupwa. Kwenye kompyuta za zamani, jengo la vyumba 20 linakula sekunde nyingi kwa njia hiyo.

Usijaribu kuwafukuza walinzi waifikie saa ya kweli. Tengeneza saa moja, skripti ya Autoload (inayopakiwa yenyewe mchezo ukianza), yenye namba moja `sasa` inayoanza 0.0 na kuishia 3600.0. Iongeze `delta` ndani ya `_physics_process`. Saa ya ukutani, walinzi, simu zinazolia na mkutano wa mwisho, vyote visome namba hiyo hiyo. Ikichelewa sekunde 10 nyuma ya saa ya mkononi ya mchezaji, hakuna atakayejua. Lakini mlinzi akipita sekunde 10 baada ya muda ulioandikwa kwenye karatasi ya zamu ambayo mchezaji ameisoma, hapo umemdanganya.

Ratiba iandike kama data: muda, mahali, kitendo, imepangwa kwa muda, na kila mlinzi ana kielekezi cha tukio linalofuata. Linganisha kwa `>=`, kamwe usitumie `==`, maana namba ya desimali haitatua juu ya 1200.0 kamili. Na tumia `while` mahali pa `if`, ili matukio mawili yakiangukia fremu moja yote yafanyike.

Jambo ambalo wengi wanalikosea ni kurudi baada ya kufukuza. Mlinzi akimkosa mchezaji, usimrudishe alipoachia kazi. Tafuta katika ratiba alipopaswa kuwa *sasa*, aende huko moja kwa moja, na kama tukio linalofuata liko chini ya sekunde 20, aliruke lililopo aanze hilo. Muda unaoandika uwe wa kuondoka, si wa kufika. Kwa mwendo wa mita 1.4 kwa sekunde, korido ya mita 28 ni sekunde 20, ila milango itamchelewesha. Ongeza asilimia 15.

Na daftari la ushahidi, ushauri wangu lisisimamishe chochote. Kusoma hati ndefu huku viatu vinalia koridoni ndiyo raha yenyewe ya aina hii ya mchezo. Achia kusimama kwa menyu kuu peke yake.

Katindo_3D

Upande wa macho. Kuona kupitia ukuta mara nyingi ni mwale (mstari usioonekana unaotumwa toka kwa mlinzi) kutoipiga safu ya kuta. Fungua ule ukuta wa biro, angalia `collision_layer` yake (safu yake ya mgongano). Nadhani uko kwenye safu ambayo haimo katika `collision_mask` ya mwale, au ukuta ni mesh tupu (umbo la kuonekana tu) isiyo na `StaticBody3D` (mwili wa kugongwa). Kama ni ukuta mmoja tu wenye shida, ni hiyo ya pili.

Fuata mpangilio huu, maana wa rahisi ndio unatangulia. Pima umbali kwanza: zaidi ya mita 15, acha. Kisha pembe: chukua vekta ya kwenda kwa mchezaji, ifanye urefu 1, fanya `dot` (kulinganisha mielekeo) na `-global_transform.basis.z` ya mlinzi, yaani mbele yake. Kwa koni ya digrii 70 jibu lazima lizidi `cos(deg_to_rad(35))`, yaani karibu 0.82. Ikipita ndipo utume mwale kwa `intersect_ray`, ndani ya `_physics_process`, ukiweka RID (kitambulisho) ya mlinzi mwenyewe katika `exclude`, la sivyo mwale unaweza kugonga mwili wake na atakuwa kipofu. Tuma mitatu: kichwani, kifuani, magotini. Mchezaji aliyeinama nyuma ya meza akionekana kichwa tu, hiyo ni theluthi moja ya kuonekana.

Mara 10 kwa sekunde kwa kila mlinzi zinatosha. Wapishane, wasiangalie wote katika fremu moja.

Usimkamatishe mchezaji papo hapo. Weka kipimo cha shaka toka 0 hadi 1: mita 3 kijae kwa nusu sekunde, mita 12 kwa sekunde 3, na kishuke polepole kuliko kilivyopanda. Giza usilisome kutoka kwenye picha. Weka `Area3D` (nodi ya eneo) kwenye kona zenye giza, kila moja na namba yake ya kuzidisha, kwa mfano 0.4. Na kwa mashine zisizo na Vulkan (teknolojia ya michoro), chagua njia ya kuchora ya Compatibility tangu sasa, maana kubadilisha baadaye kutakulazimisha kupanga taa zote upya.

Mizani_Himbi

Kuhifadhi kutakuwa kwepesi ukishakuwa na saa moja ya Ndosho. Unachohitaji ni `sasa`, mahali pa mchezaji, orodha ya ushahidi, hali ya milango, na kwa kila mlinzi mahali alipo na kiwango cha shaka. Kila sekunde 60 andika JSON (data kwa maandishi) kwenye `user://hifadhi.tmp`, funga faili, badilisha jina la ile ya zamani liwe `.bak`, kisha `.tmp` ichukue jina lake. Ukiandika moja kwa moja juu ya faili nzuri na umeme ukakatika katikati, unabaki na nusu ya JSON na huna cha kurudia. Wakati wa kusoma, kama faili kuu haipo au haisomeki, chukua `.bak`. Angalia pia: namba zote zinarudi kutoka JSON zikiwa za desimali, kwa hiyo kitambulisho 3 kinarudi 3.0, kipitishe kwenye `int()`. Vekta ivunje kuwa namba tatu.

Sasa niseme neno juu ya uchunguzi wenyewe, kwa sababu siasa ya mchezo huu itakaa ndani ya makaratasi, wala haitatoka mdomoni mwa mhusika. Mna hazina mkononi. Chini ya iTSCi, mfumo wa kufuatilia madini yalikotoka, mfuko unafungwa etiketi yenye namba mgodini, kisha etiketi nyingine kwa negosia (mfanyabiashara wa kati), na kila hatua ina daftari lake. Huo ni mnyororo ambao mchezaji anaweza kuufuata kwa kidole. Daftari la mgodi lionyeshe mifuko 25 ya kilo 50, jumla kilo 1,250. Hati ya kusafirisha, kwa namba zile zile za etiketi, iseme kilo 1,900. Zile 650 zimetoka wapi?

Swali la kilo 650 lifunguke tu kama karatasi zote mbili ziko mfukoni. Mwenye hati moja akiuliza, mkurugenzi ajibu kwamba karani alikosea, na jibu hilo lisikike la kweli kabisa. Mwenye daftari la getini pia, linaloonyesha gari liliingia saa 8 usiku, amfikishe mkurugenzi pa kusimama na kumaliza mazungumzo. Majina ya vyama na ya watu yawe ya kubuni, lakini mihuri, saini na Kifaransa cha ofisini viwe sawasawa. Mtu wa hapa atatambua hati ya uongo kwa sekunde moja. Fonti iwe na é na ç.

Birere_Pikseli

Aksanti sana wakubwa. Ukuta ulikuwa mesh tupu kweli, na saa moja imeondoa uchelewaji. Imebaki moja: mlinzi akifika mlango wa hifadhi ya dosiye (mafaili) anazunguka hapo hapo, haingii. Mlango una upana wa mita 0.9.

Ndosho_Kodi

`agent_radius` (nusu kipenyo cha mlinzi) ya NavigationMesh (ramani ya sehemu anazoweza kupita) kwa kawaida ni 0.5. Kila upande wa mlango unakatwa nusu mita, kwa hiyo mlango wa 0.9 umezibwa. Ukiandika 0.3 peke yake haitasaidia, kwa sababu `cell_size` (ukubwa wa seli za ramani hiyo) ni 0.25 na nusu kipenyo kinapandishwa hadi seli nzima inayofuata, kinarudi 0.5. Shusha `cell_size` iwe 0.1, ubadilishe na ile ya ramani katika mipangilio ya mradi zilingane, kisha oka upya (bake, yaani itengeneze ramani hiyo tena). Kuoka kutachukua muda mrefu zaidi. Kama jengo bado linachorwa, panua pia milango yote ifike mita 1.1, machoni pa mchezaji haionekani tofauti, na mlinzi atapita kwa nafasi zaidi.