Masika kijijini: nitawazuiaje siafu bila kuwaua vyura?

Mgeni wa Muheza

Habari za majukumu, ndugu zangu. Nilihamia kijijini, wilayani Muheza, mwaka juzi baada ya kuishi Dar es Salaam kwa muda mrefu, na haya ndiyo masika yangu ya pili katika nyumba niliyoijenga kando ya bonde dogo lenye migomba na michungwa. Asinishauri mtu nirudi mjini, kwa sababu mvua inapokatika jioni, dudumizi akaanza kulia kichakani kwa ile sauti yake inayoshuka kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa, kisha vyura wakampokea kutoka bondeni, huwa nasahau hata kuwasha redio. Minana nao wameuvamia mnazi ulio mbele ya baraza, wanachana makuti mchana kutwa ili wasuke viota, na mnazi wenyewe umebaki njiti tupu, lakini nimewasamehe.

Siafu sijawasamehe. Wiki iliyopita, saa tisa za usiku, kuku walipiga kelele, nami nilipofika na tochi nikakuta ukuta wa banda umegeuka mweusi na unatembea. Wengine niliwatoa huku nikiumwa mpaka mapajani, ila tetea aliyekuwa akiatamia mayai 11 kwenye kona ya ndani sikuweza kumfikia, na asubuhi nilimkuta amekufa juu ya mayai yake. Muuza dawa mmoja wa mjini ananishauri ninyunyizie sumu kuzunguka nyumba kila wiki. Je, hakuna njia ambayo haitawamaliza vyura na ndege pia? Na wale wadudu wanaojaa barazani kila ninapowasha taa niwafanyeje?

Mfugaji wa Korogwe

Pole sana, kaka yangu; kuku anayeatamia ndiye wa kwanza kuliwa, kwa kuwa hakubali kuyaacha mayai. Sumu ya kila wiki ni hasara, maana unaua mstari unaouona, ilhali wenzao wako ardhini kwa mamilioni, tena kesho watapita upande mwingine. Siafu hupenda kusafiri usiku au udongo ukiwa na unyevu, kwa sababu jua kali huwakausha, na ndiyo maana unawaona zaidi masika. Mimi nilihamishia kuku kwenye banda la mbao lililoinuliwa kwa miguu minne, na kila mguu nikausimamisha ndani ya kopo lenye oili chafu. Hakikisha tu kwamba hakuna tawi wala jani refu linalogusa banda, kwani siafu watalifanya daraja.

Wakiingia ndani ya nyumba, toa watoto na mifugo, kisha uwaachie njia. Kwangu walipita mara moja usiku, na walipoondoka sikuona mende hata mmoja jikoni kwa muda mrefu.

Mzee wa Bondeni

Naungana na dada wa Korogwe kuhusu miguu ya banda, lakini makopo ya oili yana ila moja ambayo niliijua baada ya kuharibu bustani. Mvua ikinyesha ndani ya kopo, maji hukaa chini na oili huelea juu, kwa hiyo kopo likifurika kinachomwagika kwanza ni oili, nayo huteremka moja kwa moja mpaka kule kwa vyura ambao mwenzetu anataka kuwaokoa. Ama uweke kofia ya bati kwenye kila mguu, juu kidogo ya kopo, ama uache oili kabisa na upake grisi nzito kwenye mguu wenyewe, huku ukiikagua kila baada ya mvua kubwa. Majivu husaidia siku ya ukame. Yakishalowa hayafai kitu.

Kuhusu taa, tatizo ni taa yenyewe. Zima ya barazani, kisha tundika nyingine mbali na mlango, juu ya beseni la maji, nao kumbikumbi watajaa humo. Sisi huwaanika, tukawapepeta kwenye ungo ili mbawa ziondoke, kisha tukawakaanga bila mafuta kwa kuwa wana mafuta yao. Wasiotaka huwapa kuku. Yule mdudu mwembamba mwenye mistari myekundu na myeusi, ambaye wengi humwita narobi flai, usimpige akitua shingoni. Hang'ati wala hadungi, ila ukimponda majimaji yake huunguza ngozi, na malengelenge hujitokeza kesho yake au kesho kutwa. Mpulize aondoke, na ukiwa umeshamponda, osha mara moja kwa maji na sabuni.

Mgeni wa Muheza

Shikamoo mzee, na ahsante sana dada. Fundi anakuja Jumamosi kuinua banda, na kofia za bati nitazikata mwenyewe kutoka kwenye mabaki ya paa. Jana nilizima taa ya baraza nikakaa gizani: nilihesabu sauti tatu tofauti za vyura, na moja ilitoka ndani ya ndoo ya kuogea. Swali dogo limebaki: nyasi za bondeni nizifyeke zote kwa hofu ya nyoka?

Mfugaji wa Korogwe

Fyeka hatua kama kumi kuzunguka nyumba na banda, uondoe na lundo la matofali, kwa sababu swila huwafuata panya na vyura hao hao unaowapenda. Za bondeni ziache, la sivyo dudumizi atahama.